Uende Wapi Kwanza? Ngome, Nyumba, Madaraja na Gwydir Katika Kaunti ya Conwy, Wales

Mtu anayefika kaskazini mwa Wales akiwa na siku moja tu ya kutembea hujikuta amebanwa na wingi wa vitu vizuri, kwa sababu kaunti ya Conwy peke yake ina majengo kadhaa yaliyopewa hadhi ya juu kabisa ya ulinzi wa kihistoria, na karibu kila kijitabu cha watalii huyasifu yote kwa maneno yaleyale. Makala haya yanalinganisha machaguo manne: Ngome ya Conwy pamoja na kuta za mji, Plas Mawr, nyumba ya mjini ya karne ya 16, madaraja mawili ya chuma yanayovuka mto Conwy chini ya ngome hiyo, na Gwydir Castle, nyumba ya ukoo wa Wynn iliyoko ndani ya bonde, karibu na mji mdogo wa Llanrwst. Yote manne ni ya Gredi ya Kwanza, na ndiyo maana gredi yenyewe haitoshi kumwongoza anayechagua.

## Gredi ya Kwanza ni nini hasa

Wales ina majengo takriban 30,000 yaliyoingizwa katika orodha rasmi ya majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu. Orodha hiyo ina ngazi tatu: Gredi ya Pili, ambamo majengo mengi zaidi yamo, Gredi ya Pili yenye nyota, na Gredi ya Kwanza, iliyotengewa majengo yenye umuhimu wa kipekee, aghalabu kwa taifa zima, ambayo hayafiki asilimia 2 ya orodha yote. Mtunzaji wa orodha ni Cadw, idara ya serikali ya Wales inayoshughulikia urithi wa kihistoria, iliyoundwa mwaka 1984. Jengo likishaorodheshwa, mmiliki haruhusiwi kulibomoa wala kulibadilisha kwa namna inayogusa sura yake, iwe kwa nje au kwa ndani, mpaka apate kibali maalumu, na anayekaidi hutenda kosa la jinai.

Yapo mambo mawili ambayo gredi haiyasemi. Haisemi kwamba jengo liko wazi kwa umma, kwa kuwa majengo mengi ya Gredi ya Kwanza ni makazi ya watu, hoteli au makanisa yenye ratiba zao wenyewe. Wala haisemi kwamba jengo ni zima: gofu lisilo na paa na nyumba iliyokamilika mpaka vyombo vya jikoni vinaweza kukaa katika gredi moja, kila kimoja kwa sababu yake. Msafiri anayedhani kwamba hadhi sawa huleta ziara sawa atashangaa mchana huohuo.

## Vigezo vya ulinganisho

Nimeyapima machaguo yote kwa vigezo vilevile vinne. Cha kwanza ni kilichosalia, yaani kiasi cha jengo la asili ambacho jicho linaweza kukiona bila kusaidiwa sana na maelezo ya kwenye mabango. Cha pili ni simulizi lake, kwa maana ya watu na matukio yanayofahamika kwa hakika kuhusu mahali hapo. Cha tatu ni miguu, muda na mfuko: ngazi, hali ya hewa, saa zinazohitajika na kama unalipia kuingia. Cha nne ni aina ya mgeni anayefaidika zaidi. Bei za tiketi sikuzitaja, kwa sababu hubadilika mara kwa mara, na saa za kufungua pia ni vyema kila mtu azithibitishe kabla hajaondoka nyumbani, hasa kati ya Novemba na Machi.

## Ngome ya Conwy na kuta za mji

Kilichosalia. Mfalme Edward I wa Uingereza alianza kuijenga ngome hii mwaka 1283, mara tu baada ya kuuangusha utawala wa wana wa wafalme wa Gwynedd, eneo la kaskazini magharibi mwa Wales, na kazi kubwa ilikuwa imemalizika kufikia mwaka 1287. Ujenzi uliongozwa na fundi mkuu James wa Saint George, aliyetoka Savoy, na gharama ya ngome pamoja na kuta za mji ilifika takriban pauni 15,000, ambazo kwa karne ya 13 zilikuwa fedha za kutikisa hazina ya ufalme. Kasi hiyo ya ujenzi imeacha faida moja kubwa kwa mgeni wa leo: jengo zima lina sura moja, la wakati mmoja na fikra moja, tofauti na ngome nyingi za Ulaya ambazo kila karne iliongeza chake. Minara minane mikubwa ingali imesimama juu ya mwamba mwembamba kando ya mto. Juu ya lango la magharibi yamesalia matundu ya mawe yaliyotokeza mbele ya ukuta, ambayo walinzi waliyatumia kumshambulia adui aliye chini, na ni miongoni mwa ya zamani kabisa katika Uingereza na Wales. Katika ua wa ndani kuta za vyumba vya mfalme na malkia zimesalia vizuri kiasi kwamba unaweza kufuata mpango wake chumba kwa chumba, ukitazama madirisha na meko zilizobaki zikining'inia ukutani mahali ambapo sakafu za mbao zilikwishatoweka.

Kilichokosekana ni paa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya katikati ya karne ya 17, kati ya mfalme na Bunge, ngome iliyokuwa imejisalimisha kwa majeshi ya Bunge mwaka 1646 iliachwa bila kazi, na mwaka 1665 mmiliki wake, Edward Conway, aliamuru chuma, mbao na madini ya risasi ving'olewe ili viuzwe. Ukumbi mkubwa, uliowahi kuwa na safu ya matao ya mawe yaliyobeba paa, umebaki na tao moja. Hili lieleweke mapema, kwa kuwa mgeni anayetarajia samani, mazulia na picha za wafalme hataviona. Ataona mawe, anga, na ndege wa baharini.

Kuta za mji ni sehemu ya ngome hii kwa kila hali isipokuwa tiketi. Zina urefu wa takriban kilomita 1.3, minara 21 na malango matatu makuu ya asili, na zinauzunguka mji wa kale karibu kikamilifu, huku sehemu kubwa ikiwa wazi kwa watu kutembea juu yake bure. Katika upande wa kusini kuna jambo ambalo waongozaji wengi hulipita haraka, nami naona halistahili kupitwa: safu ya vyoo 12 vya mawe vilivyotokeza nje ya ukuta, vilivyojengwa kwa ajili ya watumishi wa mfalme waliofanya kazi karibu na hapo. Mwaka 1986 ngome na kuta hizi, pamoja na ngome za Caernarfon, Harlech na Beaumaris, ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Simulizi lake. Hapa ndipo ngome inapoyazidi machaguo mengine yote kwa uzito, na pia kwa uchungu. Mahali ilipojengwa palikuwa na abasia, yaani makao makubwa ya watawa wa shirika la Cistercian, ambamo Llywelyn Mkuu, mtawala wa Gwynedd aliyefariki mwaka 1240, alikuwa amezikwa. Edward aliwahamisha watawa hao hadi Maenan, kilomita kadhaa juu ya mto, kisha akasimamisha ngome yake na mji wa walowezi wa Kiingereza pale ambapo Wales ilikuwa imewazika wakuu wake. Kanisa la abasia ndilo lililogeuzwa kuwa kanisa la mji, na mpaka leo linaitwa St Mary na linasimama katikati ya kuta. Mgeni asiyelijua jambo hili ataona ngome nzuri. Anayelijua ataelewa kwa nini uzuri huo ulikuwa silaha.

Matukio mengine yanafuata. Katika majira ya baridi ya 1294 na 1295, wakati wa uasi wa Wales ulioongozwa na Madog ap Llywelyn, mfalme Edward mwenyewe alizingirwa ndani ya ngome hii, mafuriko yakikata njia na chakula kikipungua. Mwaka 1399 mfalme Richard II alikuwa hapa alipofikiwa na ujumbe wa hasimu wake Henry Bolingbroke, na hazikupita siku nyingi akawa mateka. Ijumaa Kuu ya mwaka 1401, askari wengi wa ngome walipokuwa kanisani, ndugu wawili Rhys na Gwilym ap Tudur, waliokuwa jamaa wa Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wales wa wakati huo, waliiteka ngome hii kwa hila pamoja na kundi dogo la watu wao. Jengo lililogharimu maelfu ya pauni lilipotea kwa saa ya ibada.

Miguu, muda na mfuko. Ngazi za minara ni za mzunguko, nyembamba, na mahali pengine zimelika kwa nyayo, kwa hiyo mwenye magoti mabovu, mwenye kizunguzungu au mwenye kubeba mtoto mchanga hatafika juu kwa raha. Ua wa ndani na wa nje hutembeleka kwa urahisi zaidi. Ziara ya utulivu huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na kuta za mji huongeza saa nyingine. Kuingia ngomeni kunalipiwa. Mvua ikinyesha, na kaskazini mwa Wales hunyesha, hakuna pa kujikinga isipokuwa ndani ya minara.

Inamfaa nani. Inamfaa anayetaka kuona dola ilivyojionyesha kwa mawe, mpenzi wa historia ya vita na utawala, mpiga picha, na familia yenye watoto waliokwisha kuvuka umri wa kubebwa. Haimfai sana anayetaka kujua watu wa zamani waliishije siku kwa siku.

## Plas Mawr

Kilichosalia. Kwa kigezo hiki nyumba hii haina mshindani miongoni mwa machaguo manne. Robert Wynn aliijenga kwa awamu kati ya mwaka 1576 na 1585, kwa gharama ya takriban pauni 800, na kilichoonekana enzi hizo kinaonekana sasa kwa kiwango kinachoshangaza: nyumba ya lango, ua, ukumbi, jiko, vyumba vya juu, mnara wa kutazamia mji, na zaidi ya yote nakshi za chokaa kwenye kuta na dari. Nakshi hizo zimebeba herufi za jina lake, R.W., alama za koo za kale za Gwynedd ambazo alidai kutokana nazo, nembo ya kifalme ya Tudor, ukoo uliotawala wakati huo, na maumbo ya wanawake yaliyochongwa kama nguzo. Baadhi zimepakwa upya rangi kali, kwa kufuata mabaki ya rangi ya asili, na wageni wengi huzishangaa kwa sababu wamezoea kudhani kwamba watu wa zamani walipenda rangi zilizopauka.

Sababu ya kusalia kwake si heshima peke yake. Wynn alifariki mwaka 1598 akiacha wosia mgumu uliozua kesi iliyodumu kwa miongo, na warithi wanaogombana hawajengi upya nyumba. Baadaye ilimilikiwa na familia ya Mostyn, ikapangishwa vipande vipande, na kuanzia miaka ya 1880 ikawa makao ya Chuo cha Sanaa cha Royal Cambrian kwa zaidi ya karne moja. Cadw iliichukua mwaka 1993, ikaikarabati, na ikaifungua kwa umma mwaka 1997.

Simulizi lake. Robert Wynn alikuwa mtoto wa tatu wa kiume wa nyumba ya Gwydir, ile ile nitakayoieleza hapa chini, na kwa desturi ya urithi ya wakati ule hakuwa na shamba la kutegemea. Alitoka akatafuta maisha katika utumishi wa mwanadiplomasia Sir Philip Hoby, akaziona nyumba za wakuu katika nchi za Ulaya, akajeruhiwa mguu katika vita vya Boulogne mwaka 1544, na aliporudi akiwa mtu mzima mwenye mali akaamua kuwaonyesha watu wa Conwy alichokiona huko. Hakuna mfalme aliyezingirwa hapa wala jeshi lililoshindwa. Kuna mwenye nyumba, mke, wapishi, watumishi, chumba cha akiba na meza ya chakula, na kwa maoni yangu simulizi la namna hii hukaa kichwani kwa muda mrefu kuliko orodha ya vita.

Kuna pia jambo la kisiasa ambalo halipigiwi kelele. Mji ambao Edward aliujenga kwa ajili ya walowezi wa Kiingereza ulikuwa, karne tatu baadaye, na nyumba yake ya fahari ikimilikiwa na Mwelshi mwenye kujivunia nasaba ya Gwynedd, tena hatua chache tu kutoka kwenye lango la ngome.

Miguu, muda na mfuko. Ngazi zipo, na ghorofa za juu ni shida kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ingawa si ngumu kama za ngome. Saa moja hadi moja na nusu inatosha. Kuingia kunalipiwa. Kwa kuwa ni nyumba yenye paa, mvua haiathiri chochote, ila msimu wa baridi lazima uangalie kama iko wazi.

Inamfaa nani. Anayependa sanaa ya ndani ya nyumba, mapishi, samani na maisha ya kaya. Anayesafiri na wazee. Na yeyote aliyekutwa na mvua. Mtoto anayetaka kukimbia atachoka mapema.

## Madaraja mawili ya mto Conwy

Nimeyaweka pamoja kwa sababu yanaonekana kwa mtazamo mmoja na hayaeleweki vizuri yakitenganishwa.

Kilichosalia. La kwanza ni daraja la kuning'inia la Thomas Telford, lililofunguliwa mwaka 1826, mwaka uleule aliofungua daraja kubwa zaidi la Menai lililo magharibi zaidi, juu ya mlangobahari wa jina hilo. Nafasi kati ya minara yake ni takriban mita 100, na kwa upande wa ngome minyororo yake ya chuma imetiwa nanga kwenye mwamba uleule unaoibeba. La pili ni daraja la reli la Robert Stephenson, lililoanza kupitisha treni mwaka 1848: mirija miwili mikubwa ya chuma, yenye umbo la sanduku refu, ambamo treni hupita ndani. Kila mrija ulikuwa na uzito wa takriban tani 1,300, uliundwa ufukweni, ukasafirishwa ukielea juu ya mashua wakati wa maji kujaa, kisha ukainuliwa kwa mashine za nguvu ya maji mpaka mahali pake, ukiziba nafasi ya takriban mita 122 bila nguzo ya katikati. Nguzo za ziada zinazoonekana leo ziliongezwa mwishoni mwa karne ya 19, treni zilipokuwa nzito zaidi. Wahandisi wote wawili waliijengea minara yao sura ya ngome, ili isigombane na jirani yake. Wapo wanaoliona hilo kuwa adabu njema, na wapo wanaoliona kuwa unafiki wa chuma kujifanya jiwe. Mimi nina upande wa kwanza kwa Telford na wa pili kwa Stephenson, ambaye minara yake ni mizito isivyohitajika.

Simulizi lake. Ni simulizi la mwendo. Kabla ya Telford, msafiri wa kwenda bandari ya Holyhead na Ireland kwa njia ya pwani alilazimika kuvuka mdomo wa mto huu kwa feri, na mkondo wake ulikuwa hatari. Stephenson naye, akisaidiana na wataalamu William Fairbairn na Eaton Hodgkinson, alilitumia daraja la Conwy kama jaribio la daraja lake kubwa la Britannia, la reli, kule Menai. Lile la Britannia liliungua mwaka 1970 na likajengwa upya kwa namna nyingine, hivyo la Conwy ndilo linalobaki kumwonyesha mtu wazo la Stephenson likiwa linafanya kazi. Daraja la Telford lenyewe lilinusurika kwa kampeni ya wananchi, baada ya daraja jipya la barabara kufunguliwa kando yake mwaka 1958, na sasa liko chini ya shirika la hisani la National Trust.

Miguu, muda na mfuko. Hapa ndipo mahali pepesi kuliko pote. Njia ni tambarare, dakika 30 hadi 45 zinatosha, na kutoka kwenye daraja la barabara la kisasa unayaona yote mawili pamoja na ngome bila kulipa chochote. Daraja la reli haliingiliki kwa miguu. Njia pekee ya kuwa ndani yake ni kukaa kwenye treni, na ndani ni giza la sekunde chache.

Yanamfaa nani. Mhandisi, mwanafunzi wa ufundi, mpenzi wa treni, mwenye saa moja tu, na mwenye kiti cha magurudumu. Asiyependa mitambo atayaona kama mandhari ya picha, basi.

## Gwydir Castle

Kilichosalia. Licha ya jina, hii si ngome ya vita bali nyumba kubwa ya ukoo, iliyoanzishwa takriban mwaka 1500 na Meredith ap Ieuan ap Robert, babu wa ukoo wa Wynn. Sehemu ya mawe na nakshi zake ilitoka katika abasia ya Maenan baada ya abasia hiyo kufungwa katika karne ya 16. Ni ileile ambayo watawa wa Conwy walihamishiwa na Edward I. Kwa hiyo anayeitembelea Gwydir baada ya ngome anakuwa anafuata mawe ya watawa walewale juu ya mto. Kilichosalia, hata hivyo, ni kisa cha kupotea na kurudishwa. Mwaka 1921 vitu vya ndani viliuzwa mnadani, na mbao za nakshi za chumba cha chakula, za miaka ya 1640, zilinunuliwa na tajiri wa magazeti wa Marekani William Randolph Hearst. Muda mfupi baadaye moto uliiharibu nyumba vibaya. Mbao zile ziliishia katika ghala la makumbusho ya Metropolitan, New York, zikiwa bado kwenye masanduku, mpaka wamiliki wa sasa walipozifuatilia, wakazinunua mwaka 1996 na kuzirudisha ukutani. Chumba cha pili kilichouzwa siku zilezile hakijarudi.

Simulizi lake. Hapa pana ukoo mmoja uliotawala bonde kwa karne kadhaa, ukitoa wanasiasa, wafanyabiashara na yule Robert wa Plas Mawr. Jirani, ng'ambo ya barabara, juu kidogo msituni, kuna kanisa dogo la Gwydir Uchaf la mwaka 1673, lenye dari ya mbao iliyochorwa malaika na alama za Utatu, na ambalo nje yake halidokezi hata kidogo kilichomo ndani. Mjini Llanrwst, katika kanisa la St Grwst, kuna jeneza la jiwe ambalo kwa mapokeo ndilo la Llywelyn Mkuu, lililohamishwa kutoka Conwy kupitia Maenan. Na ukitoka Llanrwst kwenda Gwydir kwa miguu unapita Pont Fawr, daraja la mawe la matao matatu la mwaka 1636, ambalo watu hulihusisha na msanifu Inigo Jones.

Miguu, muda na mfuko. Ni makazi ya watu, hufunguliwa kwa msimu na hufungwa kwa ajili ya harusi, kwa hiyo asiyepiga simu au kuangalia tovuti yao anaweza kukuta lango limefungwa. Kuingia kunalipiwa. Sakafu haziko sawa, bustani huloa, na mto Conwy unapofurika bonde lote hupata taabu. Panga nusu siku pamoja na Llanrwst.

Inamfaa nani. Anayechoshwa na mahali palipopangwa kwa ajili ya watalii, anayependa nyumba ambamo jiko bado lina moto wa kweli, na aliyewahi kukarabati nyumba ya kale na kujua gharama zake. Mwenye haraka asiende.

## Yakiwekwa bega kwa bega

Kwa ukamilifu wa ndani, Plas Mawr inaongoza na ngome iko mwisho. Kwa ukamilifu wa umbo la nje na uzito wa historia, mpangilio hugeuka. Kwa mvua, nyumba mbili hufaa na ngome haifai. Kwa urahisi wa miguu, madaraja yako mbele mno. Kwa hakika ya kukuta pamefunguliwa, Gwydir ndiyo yenye mashaka makubwa zaidi. Watoto wa umri wa shule hupenda ngome bila kubembelezwa, lakini wazee niliowahi kuzungumza nao baada ya ziara husifu zaidi jiko la Plas Mawr.

Kuhusu usafiri, treni za kutoka Chester kwenda Holyhead hupita Llandudno Junction, na baadhi husimama Conwy kwenyewe, ndani ya kuta, kwenye kituo kilichofunguliwa tena mwaka 1987. Zikielekea huko hupita Colwyn Bay, mji wa kaunti hiihii ambako mmisionari William Hughes, aliyekuwa amefanya kazi Kongo, aliendesha taasisi ya kuwasomesha vijana wa Kiafrika tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadhi yao walifia huko na kuzikwa. Hilo halimo katika ulinganisho huu, ila msomaji atokaye Afrika ya Kati huenda akataka kushuka. Kwenda Llanrwst, badilisha treni Llandudno Junction na upande ile ya bonde la Conwy, ambayo haina safari nyingi kwa siku.

## Uchague kwa hali yako

Ukiwa na saa mbili tu kati ya treni mbili, tembea kwenye madaraja, kisha panda sehemu ya kuta za mji iliyo karibu na kituo. Utakuwa umeona majengo matatu ya Gredi ya Kwanza bila kununua tiketi ya ngome, na ngome yenyewe utaiona vizuri zaidi kutoka nje kuliko wengi wanavyoiona kutoka ndani.

Ukiwa na siku nzima yenye jua, anza na ngome asubuhi kabla ya mabasi ya watalii, kisha Plas Mawr mchana. Mpangilio huo ni bora kuliko kinyume chake, kwa sababu baada ya kuta tupu za mfalme, nyumba ya Robert Wynn hujaza vyumba ambavyo akili ilikuwa ikijaribu kuviwazia.

Mvua ikinyesha tangu asubuhi, geuza: Plas Mawr kwanza na kwa muda mrefu, na ngome iwe ya kungojea anga lifunguke.

Ukiwa na mzee au mgonjwa wa miguu, madaraja na ghorofa ya chini ya Plas Mawr vinatosha, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu apande mnara ili familia nzima ionekane kwenye picha.

Ukiwa mwanafunzi wa usanifu au uhandisi, toa siku moja kwa Conwy peke yake na upange kuvuka daraja la Stephenson kwa treni wakati wa kuja, ili uone kwa nje kile ulichokwisha kukipita kwa ndani.

Ukiwa na siku mbili, au ukiwa umewahi kuiona ngome zamani, siku ya Gwydir ndiyo itakayokupa jambo jipya. Hakikisha kwanza kwamba wako wazi, panda treni ya asubuhi kwenda Llanrwst, ingia St Grwst ulione lile jeneza la jiwe, vuka Pont Fawr kwa miguu, na uache Gwydir Uchaf iwe ya mwisho, kwa kuwa ndani ya kanisa hilo dogo shingo huuma kwa kutazama juu na huwezi kuharakishwa.